Presha ya mtoto njiti haishushwi na mawazo ya mama

Kwenye mabenchi ya nje ya wodi za watoto wachanga hapa Dar es Salaam, ukikaa utayasikia. Mtoto njiti presha imeshuka, na ndugu mmoja anamgeukia mama: "Si ulikuwa na mawazo mno kwenye ile mimba? Homoni za stresi zimemwingia mtoto." Mama ana mshono bado mbichi, naye anaambiwa hivyo.

Kortisoli ni homoni inayotengenezwa na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Huitwa homoni ya msongo kwa sababu hupanda mtu akiugua, akipasuliwa au akiogopa. Lakini kila mtu anayo kila siku, hata aliyelala usingizi wake vizuri. Mojawapo ya kazi zake ni kuiwezesha mishipa ya damu kuitikia adrenalini na kukaza. Ikipungua, mishipa hulegea na presha hushuka.

Sasa tazama jinsi maneno ya benchini yanavyopindua mambo. Kwa njiti, hasa aliyezaliwa kabla ya wiki 28 za mimba, shida si kortisoli kuzidi. Haitoshi. Akiwa tumboni, sehemu kubwa ya tezi zake hutengeneza malighafi ambayo kondo la nyuma huigeuza kuwa estrojeni. Kutengeneza kortisoli ya kutosha ni kazi inayokomaa wiki za mwisho za mimba. Na ile ya mama haipiti ovyo: kondo lina kimeng'enya kinachokaa kama mlinzi mlangoni, kikiigeuza sehemu kubwa yake kuwa kortisoni, isiyo na nguvu. Ndiyo maana mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati huchomwa deksamethasoni, dawa ya jamii ya kortisoli, ili mapafu ya mtoto yakomae: dawa hiyo haiwezwi vizuri na kimeng'enya, hivyo hupita. Sindano hiyo ni ya mapafu, tusiichanganye na dawa ya presha.

Mtoto akishazaliwa hupambana na baridi, pumzi na pengine maambukizi. Mwili unadai kortisoli nyingi, tezi bado changa. Hapo unaweza kukuta dripu imewekwa, dopamini, dawa ya kupandisha presha, imewekwa, na bado presha haipandi. Kisha daktari anaongeza haidrokotisoni kidogo, yaani kortisoli iliyotengenezwa kama dawa, na baada ya saa kadhaa mishipa inaanza kuitikia.

Si kila njiti anaihitaji. Presha hushuka pia kwa maambukizi, kupoteza damu, au mshipa ulio karibu na moyo kuchelewa kufunga. Tena haidrokotisoni ikienda pamoja na indomethasini, dawa ya kuufunga mshipa huo, siku za mwanzo, hatari ya utumbo kutoboka huongezeka, kwa hiyo kumshinikiza daktari ampe mtoto haidrokotisoni si msaada. Namba ya presha peke yake pia haitoshi. Muuguzi hubonyeza ngozi ya kifua kwa kidole, akaachia, akahesabu sekunde hadi rangi irudi. Zikizidi tatu anaingiwa na wasiwasi. Hutazama na pampasi, kama mkojo unatoka.

Basi anayetaka kumweleza mama amwambie hivi: tezi za mtoto hazijakomaa, kortisoli yake haitoshi kwa ugonjwa alionao, na hakuna machozi yako yaliyoipunguza.