Spika mpya haina besi? Angalia waya kabla hujatuletea malalamiko

Malalamiko ya "spika mpya haina besi" yamezidi siku hizi, na mengi yakifika kwenye kitengo chetu cha ukaguzi wa vifaa vya sauti mtu keshakasirika, anataka hela yake leo leo. Hatukatai, wapo wanaouziwa vimeo na hao tunawasikiliza. Ila spika nyingi tunazoletewa tukiziunga hapa zinapiga vizuri tu, kumbe kule nyumbani waya wa upande mmoja uligeuzwa, plasi ikaenda kwenye mainasi, basi.

Rangi za terminali, pale waya unapoungwa, mnazijua: nyekundu plasi, nyeusi mainasi. Waya wa upande mmoja ukigeuka, kinachotokea ni kwamba koni (ile sehemu ya spika inayotikisika) ya kushoto inasukuma hewa mbele wakati uleule ya kulia inarudi nyuma, na kwa kuwa besi kwenye miziki mingi imerekodiwa sawa pande zote mbili, zinafutana zenyewe hewani kabla hazijakufikia. Wimbi la herzi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, lina urefu wa karibu mita 7, kwa hiyo kwake spika zako mbili ni kama ziko sehemu moja na linafutika karibu lote ukikaa katikati. Wimbi la herzi 1,000 ni sentimita 34 tu, lenyewe linafutika hapa linaongezeka pale, ukisogeza kichwa kidogo mambo yanabadilika, ndio maana mtu anasikia sauti za juu zipo anaamini waya ziko sawa. Dalili nyingine ni sauti ya mwimbaji, inatakiwa ikae katikati ya spika mbili lakini inatawanyika, huwezi hata kunyoosha kidole ukasema anaimbia pale.

Halafu kuna haya mambo ya kuambiana. Eti waya ukigeuka ampu inaungua, hapana, ampu haijali, kinachoiua ni nyuzi za plasi na mainasi kugusana, hilo ndilo la kuogopa. Eti ongeza besi kwenye ekwalaiza itarudi, jamani, unaongeza pande zote mbili kwa hiyo zinazidi kufutana palepale, na koni ndiyo inayoumia. Eti kugeuza plagi ya ukutani kunarekebisha fezi ya spika, yaani mawimbi yake kwenda pamoja. Hapana. Na kama umegeuza waya za spika zote mbili kwa pamoja basi zinakwenda sawa, besi ipo, sikio litapata kazi kubwa sana kugundua tofauti, japo bado tunashauri uziunge kama ilivyoandikwa.

Kupima ni hivi, na tafadhali fuata kwa mpangilio. Weka ampu kwenye mono, yaani spika zote mbili zitoe sauti ileile, zigeuze spika zitazamane zikiwa karibu, piga wimbo wenye besi ya kutosha, sikiliza. Zima ampu, sio kupunguza sauti, ZIMA. Geuza plasi na mainasi kwa spika moja tu na upande mmoja tu wa waya, maana wapo wanaogeuza nyuma ya spika halafu wanageuza na kwenye ampu wanarudi palepale walipoanza wanasema kipimo hakifanyi kazi. Washa tena kwa sauti ileile. Mkao uliotoa besi nyingi ndio sahihi. Ukitaka kupima wufa (koni kubwa ya besi) pekee, itoe kabisa kwenye ampu, gusisha betri ya volti 1.5 kidogo tu, plasi kwa plasi, koni ikitoka nje iko sawa. Twita, ile ndogo ya sauti za juu, usiijaribu kwa betri.

Sasa fezi ni jambo jingine, na hapa ndipo tunapochanganywa kila siku. Kugeuza waya kunapindua sauti zote kwa mkupuo, fezi ni suala la muda na inategemea herzi ngapi. Chukua subwufa (boksi la pembeni la besi nzito) inayokabidhiana na spika kwenye herzi 80, wimbi hapo ni kama mita 4.3, kwa hiyo subwufa ikiwa mbali na wewe kuliko spika kwa mita 2 na kidogo, sauti yake inafika imechelewa nusu ya wimbi na inafutana na spika pale wanapokutana, na waya zote ziko sahihi! Kile kiswichi cha 0 na 180 nyuma ya subwufa ni cha hapo. Kaa unapokaaga, mwenzako akibadilishe wewe ukisikiliza, acha penye besi iliyojaa. Ukihamisha kochi, rudia. Mtu asikuuzie namba "sahihi" ya nyumba zote, haipo.

Kufungua boksi la spika lenyewe ndio kesi mbaya zaidi. Spika nyingi za njia mbili (wufa na twita) zenye krosova, yaani sakiti inayozigawia sauti, ya desibeli 12 kwa oktevu, twita imeungwa kinyume makusudi kiwandani kwa sababu krosova yenyewe inazitenganisha fezi zao, ukiiona ukasema fundi alikosea "ukairekebisha" unatengeneza shimo kwenye sauti pale wufa na twita zinapokutana. Risiva (ampu za sinema ya nyumbani) nazo zikipima spika kwa maiki wakati mwingine zinaandika fezi imegeuka kwa sababu hiyohiyo, au sababu sauti imedunda ukutani. Kagua waya, ziko sawa, bonyeza endelea.

Na sili ya boksi ikishakatwa, waranti kwa kawaida inakuwa imekufa, sisi hatuna la kumbana muuzaji. Ukija njoo na risiti, namba ya spika, picha ya nyuma ya spika ZOTE MBILI na nyuma ya ampu kabla hujachomoa chochote, na useme kama kipimo cha mono ulikifanya. Bila picha fomu yako ya malalamiko inarudishwa. Tukikuta ilikuwa waya tu tunafunga faili kwa "hakuna kasoro", na kulifungua tena kwa spika ileile itabidi ulete kasoro nyingine.