"Ni kweli, lakini…": siku ya kwanza kortini na kazi ya wakili

Wengi hapa Malindi hutafuta wakili kesi ikishapangiwa siku ya mashahidi. Pesa zikiwa chache, mimi nashauri zitumike siku ya kwanza.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Akikamatwa Ijumaa jioni, basi Jumatatu. Polisi wakitaka kuendelea kumzuia kabla ya kumshtaki, huomba kwa maandishi, pamoja na kiapo cha afisa. Wakili hukisoma kiapo hicho na kuuliza: simu yake mnayo, mashahidi wameshaandikisha taarifa, sasa mnamshikilia kwa lipi? Asiye na wakili akiulizwa kama ana pingamizi, mara nyingi hunyamaza.

Hatari kubwa iko kwenye kujibu shtaka. Tuseme kijana ameshtakiwa kwa wizi, naye anajibu: "Ni kweli nilichukua mashine ya boti, lakini ni yetu, mimi na ndugu yangu." Huko si kukiri. Kifungu cha 8 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga anayechukua mali akiamini kwa dhati kuwa ana haki nayo, bila nia ya kulaghai. Hakimu makini ataandika kuwa amekana. Ila mafaili yakiwa mengi, na mkalimani akifupisha Kigiriama cha watu, ile "lakini" hupotea njiani. Aliyehukumiwa kwa kukiri hukata rufaa juu ya adhabu tu, labda aonyeshe kwamba kukiri kwenyewe kulikuwa na utata.

Kisha dhamana. Ni haki, isipokuwa pawe na sababu nzito za kuinyima, lakini kiwango na aina yake ndiyo shughuli. Ukiambiwa ulete mdhamini mwenye hati miliki, fikiria Lamu: wengi wanalima ardhi isiyo na hati, na mdhamini wa Kizingitini, kisiwani Pate, lazima apande boti hadi kortini Amu, yaani mji wa Lamu. Wakili anayeijua hali hiyo huomba papo hapo mbadala wa pesa taslimu, kwa kiasi ambacho jamaa wanaweza kuchanga. Bila hivyo dhamana hubaki ya karatasi, mtu analala gereza la Hindi, hukohuko Lamu. (Jamaa nao wasije mikono mitupu: kitambulisho halisi na barua ya chifu.)

Anayeshtakiwa kwa mauaji huwekewa wakili na serikali. Wengine wasio na uwezo waombe kwa mdomo wao wenyewe, kwa Kifungu cha 50 cha Katiba, palepale kizimbani: "Naomba kuongea na wakili kabla sijajibu." Hakimu anaweza kuahirisha, ingawa huenda usiku huo ukalala rumande.