Bawaba ya mfupa ikipasuka, pleti inabeba nini?

Watu wengi wenye matege ambao goti limeanza kusagika upande wa ndani wanajua dawa ni kubadilishiwa goti tu, kumbe kama bado una nguvu zako na upande wa nje wa goti uko mzima kuna operesheni ya kunyoosha mguu. Daktari anakata mfupa wa ugoko karibu na goti, anaanzia ndani kwenda nje ila hamalizi, anaacha kama sentimita 1 ishikilie, halafu anaupanua ule mkato taratibu mpaka uzito uhamie upande wenye gegedu nzima, ndo anafunga pleti ya titani na skrubu. Hiyo sentimita 1 tunaiita bawaba.

Shida iko hapo. Tawi bichi ukilikata nusu ukalikunja linapinda, ukizidisha linapasuka, na bawaba nayo hivyohivyo. Mwaka 2012 Takeuchi na wenzake wa Japani walizigawa nyufa hizi aina 3: ya kwanza inatokea jirani na pale ugoko unapokutana na ule mfupa mwembamba wa pembeni, ya pili inashuka chini zaidi, ya tatu inapanda hadi uso wa goti. Ya kwanza kwa kawaida imetulia, hizo mbili nyingine ndo tunazihofia.

Fikiria mtu wa kilo 80, akitembea tu kawaida goti lake linabeba kama mara 2 hadi 3 ya uzito wake, yaani kilo 160 mpaka 240 kila hatua. Bawaba nzima inasaidiana na pleti, ikipasuka pleti inaachiwa mzigo mkubwa zaidi.

Sasa hatuwezi kupasua bawaba ya mgonjwa ili tujifunze, kwa hiyo tunaipasua kwenye kompyuta. Tunachukua picha za siti skani, tunajenga mguu mzima kwenye skrini, tunaukata vipande vidogovidogo, mara nyingi laki kadhaa, kila kipande tunakipa ugumu wake (titani gigapaskali kama 110, ganda gumu la mfupa kama 17 hivi), tunachora ufa tunaoutaka, tunabebesha uzito, kompyuta inapiga hesabu kila kipande kimesogea kiasi gani na kimekazwa kiasi gani. Hesabu hizi zilianza kwa mainjinia wa ndege miaka ya 1950.

Kinachoonekana ni kwamba ufa ukiwepo pleti inakazwa zaidi, hasa kwenye matundu yaliyo jirani na mkato, na mfupa unachezacheza. Kucheza kidogo kunausaidia mfupa kuota, kukizidi hauungi. Ukiongeza skrubu au kijipleti upande wa nje mchezo unapungua, na hapo daktari anaweza kulinganisha njia 3 au 4 kabla hajashika kisu, kitu ambacho mimi nakithamini sana.

Ila kompyuta inajibu ulichoilisha. Mara nyingi misuli hatuiweki yote, mfupa tunauchukulia una ugumu mmoja wakati wa mzee umeshalegea, na tunabebesha mzigo mara moja wakati mgonjwa anapiga hatua maelfu kwa siku. Ndo maana majibu tunayapeleka tena kwenye mifupa ya bandia inayokandamizwa na mashine, na ndo maana ukiambiwa bawaba yako imepasuka usiache magongo mapema eti kwa sababu chuma ni kigumu, chuma nacho kinachoka.