Betri haichaji? Usikimbilie kununua nyingine

Ukinunua gari la kambi (lenye vitanda na jiko ndani) lililotumika, kisha taa na friji vikazima usiku, utaambiwa betri imekufa. Mara nyingi betri haina kosa. Umeme ndio haufiki.

Pima volti kwanza, kwa mita. Betri ya risasi ya volti 12 iliyojaa na kutulia saa kadhaa husoma takriban 12.7, kwenye 12.0 imekaribia kwisha. Sasa washa injini, upime betri ya kuwashia gari, kisha ile ya taa na friji. Ya kwanza ikisoma 14.2 na ya pili ikabaki 12.3, alteneta (kifaa cha injini kinachozalisha umeme) ni nzima. Tatizo liko njiani: fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), au waya hasi uliofungwa kwenye bodi ya gari, na hapo ndipo mimi huanzia. Zima injini, fungua nati yake. Ukikuta kutu, rangi au unga wa kijani, sugua hadi chuma king'ae, kaza, washa injini, pima tena. Fyuzi nayo usiiamini kwa macho. Pima pande zote mbili.

Ikiwa volti 14 zinafika kwenye betri kwa saa nyingi, lakini ikipumzishwa bila kifaa chochote kutumia umeme wake volti zinaporomoka, basi ishuku.