Kabla ya kupima kingamwili za thairoidi, tuambieni vidonge mnavyomeza

Malalamiko yanayofika dirishani kwetu maabara siku hizi yanafanana. Mtu amepima kingamwili za thairoidi, yaani protini za kinga zinazoilenga tezi hiyo ya shingoni, huko Nyali, akarudia Mwembe Tayari, hapa hapa Mombasa, namba hazilingani, na sasa anataka kujua maabara ipi imedanganya. Hakuna iliyodanganya. Mashine zinatofautiana, na kila moja ina kiwango chake cha kawaida, kilichochapishwa pembeni ya majibu. Namba isomwe na kiwango hicho, si na karatasi ya kwingine.

Zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10 wa Hashimoto, ugonjwa ambao kinga ya mwili huidhoofisha tezi, wana kingamwili za TPO (kimeng'enya cha tezi hiyo), na wengi wa Graves, ambao kinga huifanya tezi ifanye kazi kupita kiasi, pia wanazo. Lakini takriban mtu mzima 1 kati ya 10 anazo na tezi yake inafanya kazi vizuri. Ndiyo maana daktari huanza na TSH, homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi. Ukubwa wa namba ya TPO haupimi ukali wa ugonjwa, na dawa haipangwi kwa namba hiyo. Tumeshalieleza hili mara nyingi, na bado watu wanakuja kuirudia kila mwezi kwa pesa zao wenyewe. TRAb, kingamwili zinazoichochea tezi kwenye Graves, ni jambo jingine: mjamzito mwenye Graves, hata kama alishatibiwa zamani, aipime mapema, maana kingamwili hizo hupita kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Kupima kingamwili hizi hakuhitaji kukaa na njaa. Aliyefunga na aliyekunywa chai na mahamri wote tunawapokea. Kinachotusumbua ni bayotini, aina ya vitamini B iliyomo kwenye vidonge vya nywele na kucha, mara nyingi miligramu 5 au 10. Kwenye baadhi ya mashine bayotini huonyesha TSH iko chini na homoni na kingamwili ziko juu, yaani Graves kamili kwa mtu asiyeumwa. Mtu anaweza kuanzishiwa dawa bure! Vidonge hivyo vya bayotini viacheni angalau siku 2 kabla, na anayemeza dozi kubwa zaidi amuulize daktari. Dawa ya thairoidi uliyoandikiwa usiiache.

Chupa ya damu isiyo na jina, au yenye jina lisilolingana na fomu, hatuipimi. Tunaandika sababu kwenye daftari na mgonjwa anatolewa damu upya. Kliniki za ng'ambo ya Likoni zitenganishe seramu (maji ya damu) kwanza, kisha ziisafirishe kwenye kibebeo chenye barafu. Damu iliyopigwa na joto la njiani huvunjika, nasi hatuwezi kuithibitisha.

Majibu hatuyasomi kwa simu, hata kwa mume au mama mzazi. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, inayolinda taarifa za watu, taasisi inayokiuka inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato yake ya mwaka uliotangulia, kinachozingatiwa kikiwa kiasi kidogo kati ya hivyo viwili. Anayetumwa kuchukua majibu aje na barua iliyosainiwa na mgonjwa, nakala ya kitambulisho cha mgonjwa, na kitambulisho chake mwenyewe.