Msimbo ni wa wote, funguo ni za nani? Dhana potofu kuhusu uongozi wa programu huria

Ukitaja utawala bora mbele ya wanaprogramu, wengi watakutazama kana kwamba umewaletea semina elekezi na fomu za posho. Wao wanaandika msimbo, yaani maelekezo yanayoiendesha kompyuta, siasa wawaachie wenye nayo. Hata hivyo, programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuutumia na kuubadili, ndizo zinazoendesha seva za benki, mifumo ya takwimu za hospitali na simu ya Android iliyoko mfukoni mwako, na kila moja ina watu wanaoamua msimbo upi uingie, nani atoe toleo jipya, jina la mradi limilikiwe na nani na leseni ibadilike au isibadilike. Utawala wa mradi ni majibu ya maswali hayo: nani ana uwezo huo, aliupataje, na akiutumia vibaya ananyang'anywa vipi. Zipo dhana kadhaa zinazofanya watu wasijisumbue kuuliza.

"Macho ni mengi, hakuna ubaya utakaojificha"

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote, na ndiyo iliyokaribia kutugharimu zaidi.

XZ Utils ni programu ya kubana mafaili. Watumiaji wa kawaida hawaijui kwa jina, lakini imo karibu katika kila kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea. Mwishoni mwa 2021 akatokea mchangiaji aliyejiita Jia Tan, akaanza kutuma marekebisho madogo madogo, mazuri. Mwaka 2022 zikaibuka akaunti nyingine zisizojulikana zimetoka wapi, zikaanza kumsakama mtunzaji: mambo yanakwenda polepole, mradi umelala, mbona humkabidhi mwingine? Naye akajibu kwa upole kwamba hiyo ni kazi anayoifanya bila malipo na uwezo wake una mipaka. Jia Tan alikuwa pale pale, mchapakazi, hana neno na mtu. Akapewa haki ya kuingiza msimbo, baadaye na ya kutoa matoleo.

Februari 2024 likatoka toleo la 5.6.0, na Machi likafuata la 5.6.1. Yote mawili yalibeba mlango wa nyuma: mwenye ufunguo maalumu angeweza kupitia SSH, huduma ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, na kuendesha amri zake kwenye seva ya mtu. Namna ulivyofichwa inafaa kuangaliwa kwa makini. Sehemu kubwa iliwekwa ndani ya mafaili ya majaribio, yale ambayo kwa kawaida huwa yameharibiwa makusudi ili kuipima programu, kwa hiyo hakuna anayeshangaa yakiwa hayasomeki. Kipande cha kuuamsha mlango huo hakikuwemo kabisa kwenye ghala la msimbo la hadharani. Kilikuwa kwenye furushi la toleo ambalo Jia Tan alilifunga na kulipakia mwenyewe. Ungekesha unasoma msimbo ulio wazi na bado usingekutana nacho.

Aliyeugundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wanaoendeleza hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya kitu kingine, akaona SSH inakula nguvu ya kompyuta kuliko kawaida. Kuingia kulikokuwa kunachukua kama sekunde 0.3 sasa kulichukua 0.8. Nusu sekunde! Wengi wetu tungelaumu mtandao na kuendelea na kazi. Yeye akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokikuta. Mlango ulikuwa umeshafika katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, mifumo endeshi iliyojengwa juu ya Linux, ila bado haujaingia kwenye yale matoleo imara ambayo seva nyingi duniani hutumia.

Msimbo ulikuwa wazi wakati wote huo. Kilichokosekana ni utaratibu. Hakuna mtu wa pili aliyetakiwa kulinganisha furushi la toleo na msimbo uliomo ghalani. Hakukuwa na mahali pa mtunzaji aliyeelemewa kwenda kusema "nisaidieni" akaletewa watu wanaofahamika. Madaraka yalihama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa sababu watu walipiga kelele. Na haikuwa mara ya kwanza kwa miundombinu ya dunia nzima kukaa mabegani mwa wachache: kasoro ya Heartbleed ilipofichuliwa Aprili 2014, ilibainika kwamba OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya mawasiliano ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka.

"Leseni ni huria, hakuna wa kuninyang'anya"

Nusu yake ni kweli. Toleo ulilonalo leo ni lako kwa masharti uliyolipokea. Toleo lijalo ni habari nyingine.

Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp iliitoa Terraform, programu yake ya kupanga na kuendesha seva, kwenye leseni huria na kuiweka kwenye leseni yenye vikwazo vya kibiashara. Machi 2024 kampuni ya Redis ikafanya vivyo hivyo kwa hifadhidata yake yenye jina hilohilo. Hawakuvunja sheria yoyote. Waliochangia Terraform kutoka nje walikuwa wamesaini makubaliano yaliyoipa kampuni uhuru wa kuchagua leseni nyingine baadaye, na leseni ya zamani ya Redis ilikuwa legevu kiasi kwamba mtu yeyote angeweza kuendeleza msimbo ule kwa masharti mapya.

Utaambiwa: si kitu, asiyeridhika achukue toleo la mwisho lililo huru aanzishe mradi wake. Ni kweli, na ilifanyika. OpenTofu ilizaliwa hivyo kutoka Terraform, na Valkey kutoka Redis, zote chini ya taasisi ya Linux Foundation. Valkey ilitangazwa siku chache tu baada ya uamuzi wa Redis. Lakini tazama waliosimama nyuma yake: Amazon, Google, Oracle. Kikundi cha vijana wanne pale Mwanza wanaotengenezea SACCOS mfumo wa mikopo hakina mabavu hayo. Kitasubiri wakubwa waamue, kisha kifuate. (Redis yenyewe ilirudi kwenye leseni huria, AGPL, mwaka 2025.)

Linganisha na kiini cha Linux, ile sehemu ya ndani inayoendesha mfumo wote. Haki miliki yake imetawanyika kwa maelfu ya watu na makampuni waliochangia kwa zaidi ya miaka 30, hakuna makubaliano ya kumkabidhi yeyote haki hizo, kwa hiyo hakuna bodi inayoweza kukutana Jumatatu na kubadili leseni ifikapo Ijumaa. Kabla ya kujenga biashara juu ya programu, kusoma leseni peke yake hakutoshi. Uliza haki miliki iko kwa nani, na wachangiaji husaini nini.

"Kuna kampuni kubwa nyuma yake, mradi hauwezi kufa"

Mwishoni mwa 2004 kikundi kilichokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, yaani OpenOffice kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi ya kujivunia: menyu na ujumbe wote wa programu ya ofisi vikisomeka kwa lugha yetu. Jina la OpenOffice na maamuzi yake makubwa vilikuwa mikononi mwa kampuni ya Sun Microsystems, iliyokuwa tajiri na yenye nia njema kwa wakati ule.

Januari 2010 Oracle ikakamilisha ununuzi wa Sun. Wachangiaji hawakuulizwa, kwa kuwa hakukuwa na chombo ambacho ndani yake wangepaswa kuulizwa. Septemba mwaka huohuo kundi kubwa lao likaanzisha The Document Foundation, likaialika Oracle ijiunge na kuwaachia jina. Oracle haikukubali, na wale waliokuwa kwenye baraza la jumuiya ya OpenOffice huku wakiwa upande wa taasisi mpya wakatakiwa wajiuzulu. Hivyo ndivyo tulivyopata LibreOffice. Mwaka 2011 Oracle iliachana na OpenOffice na kuikabidhi kwa taasisi ya Apache Software Foundation, na hadi leo kuna watu wanaopakua OpenOffice kwa sababu tu jina lile ndilo wanalolijua, ilhali waandishi wake wengi walihama zamani.

Walioanzisha LibreOffice walijifunza. Kanuni za taasisi yao zinaweka ukomo wa viti ambavyo watu wa kampuni moja wanaweza kushika katika vyombo vyake.

"Mwanzilishi yupo, na ni mtu mwema"

Guido van Rossum aliongoza Python, lugha ya kuandikia programu, tangu mwanzo, na cheo chake cha utani kilikuwa dikteta mwema wa maisha. Wala hakuwa mbaya. Julai 2018, baada ya mabishano makali kuhusu alama moja, := , aliandika kwamba amechoka kupigania pendekezo na kukuta watu wengi wanachukia uamuzi wake. Akajiuzulu bila kuteua mrithi. Jipangeni wenyewe, aliwaambia.

Jumuiya ilitumia miezi kadhaa kuandika mapendekezo ya namna ya kujitawala na kuyapigia kura. Likatoka baraza la watu watano, linalochaguliwa upya baada ya kila toleo kubwa, na wasizidi wawili kutoka kwa mwajiri mmoja. Katika baraza la kwanza, mwanzoni mwa 2019, Guido mwenyewe alichaguliwa kuwa mmoja wa watano. Walikuwa na bahati: kiongozi aliondoka akiwa hai, mwenye akili timamu na bila kinyongo cha kumfanya aondoke na funguo. Miradi mingi haipewi miezi ya kujipanga.

"Utawala unaleta siasa na kuchelewesha kazi"

Siasa zipo tayari, hata pale zisipoandikwa. Tofauti ni kwamba zisipoandikwa, anashinda mwenye sauti kubwa au mwenye nenosiri.

Debian ina katiba tangu 1998. Kiongozi wake huchaguliwa kila mwaka, na wanachama wakikusanya kura za kutosha wanaweza kutengua uamuzi wake. Je, ugomvi umeisha? Hata kidogo. Mwaka 2014 waligombana vibaya juu ya systemd, programu inayowasha huduma zote mfumo unapoanza. Kamati ya Ufundi ilipopiga kura zikawa nne kwa nne, na mwenyekiti akatumia kura yake ya uamuzi kuipitisha. Waliokataa kata kata walikwenda kuanzisha mfumo wao, Devuan. Kuna watu waliumia. Ila Debian ilitoa toleo lake lililofuata, 2015, na kila mtu alijua uamuzi ulipitia mlango gani na nani aliupitisha. Mimi nauona huo kuwa mfano mzuri zaidi wa utawala bora kuliko mradi wowote unaodai kwamba wanachama wake hawajawahi kutofautiana.

"Sisi tuko watatu tu"

Programu ya left-pad ilikuwa na mistari 11, lakini programu nyingine nyingi ziliitegemea. Machi 2016 mwandishi wake, baada ya kukosana na wasimamizi wa npm, hazina ambamo wanaprogramu huchukua vipande vya msimbo, kuhusu jina la programu yake nyingine, aliondoa programu zake zote, na miradi kote duniani ikashindwa kujengwa kwa saa kadhaa. npm wakairudisha left-pad, kisha wakaandika masharti mapya ya nani anaweza kuondoa nini.

Mradi wa watu watatu hauhitaji katiba ya kurasa 40. Faili moja ndani ya ghala la msimbo inatosha: nani anaweza kuingiza msimbo, nani anaweza kutoa toleo (angalau wawili), mtu akinyamaza miezi sita nafasi yake inakuwaje, pesa zikija zinaingia wapi na nani anaona matumizi. Domeni, yaani jina la tovuti ya mradi, isajiliwe kwa barua pepe ya mradi, si ya yule aliyeilipia siku ya kwanza.