Nani Ameshika Kibodi?

Kaa nusu saa kwenye kibanda chochote cha wakala wa pesa. Hutakosa kumwona mama akimpa kijana simu yake na kumwambia, "Nitolee elfu ishirini, mwanangu," kisha anataja namba ya siri, foleni nzima ikisikia. Mama huyo ana genge, na madeni ya wateja wake wote anayo kichwani bila daftari. Akili anayo. Ila kila alipoomba kufundishwa simu, aliyemfundisha alimnyang'anya, akabonyeza haraka haraka, akamrudishia: "Tayari."

Nafundisha stadi za kidijitali kwa vikundi vya jamii, na tabia hiyo ya kunyang'anya naikuta kila ninakokwenda. Shuleni, kompyuta moja ikitumiwa na wanafunzi wanne, angalia mkono ulio kwenye kipanya. Mara nyingi ni wa mvulana. Msichana amekaa pembeni na daftari, anaandika hatua kwa mwandiko mzuri. Muhula ukiisha, rejista inaonyesha wote wamehudhuria, lakini aliyejifunza kompyuta ni mmoja. Ndiyo maana darasani kwetu tumeweka masharti mawili: kila baada ya dakika kumi mkono kwenye kipanya unabadilishwa, na mwalimu haruhusiwi kugusa kifaa cha mwanafunzi hata akikwama. Aelekeze kwa mdomo. Sharti la pili ni gumu kuliko linavyosikika. Mimi mwenyewe huweka mikono nyuma.

Wapo waliotutangulia katika hili. Shirika la AkiraChix, lililoanzishwa Nairobi mwaka 2010, huwachukua wasichana kutoka familia zenye kipato kidogo na kuwafundisha kuandika programu kwa mwaka mzima, wakiishi pamoja. Huku Dar es Salaam, Apps and Girls ilianza mwaka 2013 ikipeleka mafunzo ya kuandika programu kwa wasichana mashuleni. Kinachonivutia ni muda wanaoutoa. Semina ya siku moja inaacha picha na fulana. Ujuzi wa mikono unataka kurudiwa wiki baada ya wiki.

Wengine huuliza kwa nini tuhangaike na nani anatengeneza programu, mradi inafanya kazi. Chukua fomu ya kujisajili inayodai kila mtu awe na namba yake ya simu, kisha itume msimbo wa uthibitisho kwenye namba hiyo. Kwenye nyumba yenye simu moja, na simu hiyo ni ya baba, mke na binti wameshafungiwa nje kabla hawajaandika majina yao. Mtengenezaji hakuwa na nia mbaya. Hajawahi kuishi nyumba hiyo, na mezani kwake hakuwepo aliyeishi humo wa kumshtua.

Lugha nayo ni mlango. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, baada ya kazi kubwa ya kutafuta istilahi. Leo simu janja nyingi zina Kiswahili ndani, lakini wengi wanaendelea kuhangaika na Kiingereza kwa sababu hakuna aliyewafungulia ukurasa wa mipangilio. Huko huko kwenye mipangilio ya simu nyingi za Android kuna TalkBack, inayomsomea asiyeona kwa sauti kilicho kwenye kioo. Tangu nilipoanza kuionyesha, wanafunzi wangu wasioona hawamtafuti tena jirani wa kuwasomea ujumbe wao wa siri.

Kwa watu wazima, darasa bora nililowahi kuliona ni kikoba. Wanachama wanafahamiana, wanakutana kila wiki, na pesa iko mezani, kwa hiyo kila somo lina maana palepale. Tunaanza na namba ya siri. Tunafuata na ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii": kila mmoja anasoma aliotumiwa yeye, kwa sauti, na aibu ya kutapeliwa inapungua akiwasikia wenzake. Kisha tunapiga *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha kila mmoja, na tunajifunza kutuma namba ya tapeli kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli.

Kwenye kikoba kimoja, wiki ya tatu, mama mmoja alifungua menyu mwenyewe ili abadilishe namba yake ya siri. Alikosea mara mbili, akarudi mwanzo. Wenzake wakaanza kumwelekeza wote kwa pamoja. Akawanyamazisha kwa mkono. Alipofika mahali pa kuandika namba mpya, akaifunika simu kwa kiganja, akanitazama, akaniambia, "Mwalimu, geukia ukutani."